Mjukuu wangu anataka jeshi, nami nashindwa kumsimulia vita ya Kagera

Mshauri, mwanangu,

Nakusalimu kutoka Uyui, Tabora. Maneno haya ni yangu, ila anayeyaandika kwenye simu ni mjukuu wangu wa kike, maana macho yangu hayaoni tena herufi ndogo. Nimemwomba aandike kama ninavyosema, asipunguze wala asiniulize kitu.

Nimevuka miaka sabini. Mwaka 1978 nilikuwa mgambo wa kijiji, nina mke na mtoto mmoja wa mgongoni. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Iddi Amin yaliingia Kagera, na siku chache baadaye tukamsikia Mwalimu redioni akisema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Wakati huo sisi tulikuwa tunahamishia miche ya tumbaku shambani. Tukaitwa. Niliondoka maembe yakiiva: treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba, halafu malori na miguu hadi Kyaka, ambako adui alikuwa amekwisha kulivunja daraja la Mto Kagera.

Mtoto yule wa mgongoni leo ni mama wa kijana wa miaka 22. Kijana huyo amemaliza JKT kwa kujitolea huko Bulombora, Kigoma, na sasa yuko nyumbani anasubiri jeshi litangaze nafasi. Kila jioni anavuta kigoda anakaa karibu yangu. "Babu, vita ilikuwaje? Mliwapigaje?" Vita hii anaijua kwa nyimbo za mchakamchaka alizokimbia nazo shule ya msingi. Anasikia watu kijijini wakiniita Afande, basi anaamini nina mambo makubwa ya ushujaa ninayomficha.

Mama yake naye alinifuata mchana mmoja nikiwa peke yangu, akapiga magoti. "Baba, mtishe. Mwambie yale mabaya yote mpaka aache." Binti yangu hajasahau Desemba 2017, walinda amani wetu walipovamiwa usiku kambini Semuliki, kule Kongo, na majeneza yao tukayaona kwenye televisheni. Anasema kijana akiingia jeshini leo, kesho atapelekwa huko huko.

Nimeshindwa kumjibu mama na nimeshindwa kumjibu mtoto. Nikitaka kumtisha, naona kama namkana rafiki yangu aliyefia kule. Nikitaka kuisifia vita, naona nasema uongo.

Maana ukiniuliza vita, kichwa changu hakiniletei adui kwanza. Kinaniletea nyumbani. Tulikaa siku nyingi kwenye mahandaki bila risasi kulia, mvua ya Kagera inanyesha, buti zimejaa maji, tunakula nyama ya kopo na biskuti ngumu, na siku hizo za kimya ndizo zilizonitesa kuliko zote. Akili ikikosa kazi inakwenda nyumbani. Nilikuwa nasikia harufu ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka. Nilikuwa nawaza kama mizinga yangu ya nyuki kule porini imepata mtu wa kuiangalia, na kama mke wangu amepata jembe la kukodi kwa ajili ya mpunga wa mbugani.

Mwenzangu wa handaki alikuwa kijana wa Ujiji. Yeye alikuwa anawaza ziwa. Usiku tulikuwa tunapikiana kwa mdomo. Yeye ananipikia migebuka kwa mawese ya mama yake, hatua kwa hatua, mpaka naona mvuke. Mimi namrinia asali, namvunjia sega, namwambia asubiri nyuki watulie. Alikuwa akinikatiza nikiruka hatua. Tukimaliza, kila mmoja anageukia upande wake, na najua hajalala.

Barua nilikuwa naandika kwenye karatasi za daftari. Mke wangu alikuwa hajui kusoma vizuri, alikuwa bado anakwenda kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nilijua mwalimu ndiye atakayemsomea. Niliona haya kuandika ya moyoni. Nikawa nauliza tu habari za mwembe wa uani, na ng'ombe, na mtoto kama ameota meno. Mara moja tu nilipata jibu lenye mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa zimepinda: "MPUNGA UMECHANUA. RUDI UONE." Nilitembea na karatasi ile kifuani mpaka ikaloa, ikapotea.

Masaka, tukiwa tumekwisha kuingia Uganda, nilipita mji ukiwa umebomoka. Kwenye nyumba moja isiyo na paa niliona chungu kipo mafigani, mwiko ndani yake, mwenyewe hayupo. Nilisimama pale nikafikiria jiko la kwetu. Afande akaniita mara mbili ndipo nikasikia.

Mwezi Machi 1979 tulifika Lukaya, kwenye barabara ya kwenda Kampala inayokatiza kinamasi. Jioni ya tarehe 10 makombora yakaanza kutuangukia, na giza likaingia. Mwanangu, tulikimbia. Tulitawanyika kinamasini, kila mtu na roho yake. Mwenzangu sikumwona tena akiwa hai. Mimi niliingiwa na chuma pajani, nikachukuliwa kupelekwa nyuma kwa matibabu, na Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili nilisikia redioni nimelala kitandani.

Niliporudi nyumbani na kuweza kutembea, nilibeba dumu la asali nikapanda treni ya Kigoma, nikaenda Ujiji kwa mama yake. Alikuwa alishapewa taarifa. Hakuniuliza alikufaje. Aliniuliza alikuwa anakula nini. Alikuwa na blanketi? Alikuwa anacheka? Alikuwa anamtaja nani? Nikamweleza jinsi alivyokuwa anatupikia migebuka gizani, akacheka na kulia kwa pamoja, akaenda jikoni akaipika kweli. Siku ya kuondoka ndipo aliponiuliza la mwisho, nikamwambia yote, hata kwamba tulikimbia. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu naye kama angekimbia akafika, ningemshukuru Mungu."

Tangu siku ile sijamsimulia mtu mwingine. Usiku mvua ikipiga bati kwa kishindo naamka natafuta buti, na mke wangu ananishika bega mpaka nijue niko wapi.

Nimwambie nini kijana huyu? Nimtii mama yake? Au ninyamaze tu? Na nikianza nikalia mbele yake, nitamtazamaje kesho yake?

Babu, Uyui

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Na mama nyumbani, shikamoo.

Nianze na binti yako, kwa kuwa ombi lake ndilo lililokubana. Hofu yake ni ya haki kabisa. Kongo si habari ya mbali kwa watu wa mikoa yetu. Kigoma inatazamana nayo ng'ambo ya ziwa, na waliokimbia vita yake wanaishi Nyarugusu, wilayani Kasulu, tangu mwaka 1996. Mama anayeogopa hapo haogopi kivuli. Lakini ombi lenyewe usilikubali. Anataka hofu yake itoke mdomoni mwako, kwa kuwa wako una kovu na wa kwake hauna. Kijana atakusikiliza, kisha siku moja atajua mlikuwa mmepanga, na hapo atapoteza simulizi ya vita pamoja na imani kwa babu. Isitoshe, kijana wa miaka 22 aliyetoka JKT ukimwambia mto una mamba, anavua viatu. Vitisho havitamrudisha. Huenda vikamharakisha.

Mwambie binti yako kwa upole: "Mwanangu, ya kwako mwambie mwenyewe. Mimi nitamwambia yangu." Amkalishe mtoto wake, amweleze kwamba aliyaona yale majeneza ya 2017 na kwamba hajalala vizuri tangu kijana avae gwanda za JKT. Hilo ni neno zito, na kijana anastahili kulisikia kwa mwenye nalo.

Sasa wewe. Mzee wangu, nimeisoma barua yako nikitafuta mahali inapokwama, na nimeona haikwami kwenye kifo wala kwenye damu. Inakwama kwenye Lukaya, kwenye sentensi moja: tulikimbia. Kijana anauliza "mliwapigaje", na wewe unachokumbuka ni kinamasi na giza. Hapo ndipo unaponyamaza.

Nikueleze ninavyoujua usiku ule, kwa kuwa aliyekuwa ndani yake aliona hatua kumi tu mbele yake. Jeshi letu lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanuliwa kwa miezi michache tu hadi likavuka 150,000, na kati yao mgambo peke yao walikuwa kama 40,000. Waliotangulia Lukaya walikuwa kwa sehemu kubwa mgambo, watu wa jembe kama wewe, wengi wao hawajawahi kupigwa kombora hata moja. Upande wa pili, Amin alikuwa ameongezewa nguvu na askari wa Libya wenye silaha nzito. Jua linazama, barabara nyembamba, kinamasi kushoto na kulia, na makombora yanamiminika. Askari wa zamani nao wangetawanyika hapo. Kilichofuata ni kwamba Msuguri, aliyekuwa anaongoza divisheni, aliamuru Brigedi ya 208 izunguke mbali kupitia kaskazini-magharibi, na alfajiri ya tarehe 11 ikampiga adui kutoka upande asioutarajia, huku waliotawanyika usiku wakikusanywa na kurudi kwenye barabara ile ile. Ndipo njia ya Kampala ikafunguka.

Wewe hayo ya alfajiri hukuyaona, ulikuwa umelala na chuma pajani. Kwa miaka yote hii umebaki na nusu ya habari, na umeibeba kama ndiyo nzima. Walioshinda Lukaya ni pamoja na watu waliokimbia usiku na kurudi asubuhi. Kijana anayetaka kuwa askari anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji hadithi ya ujasiri usiotikisika. Siku moja huenda naye akajikuta miguu inakimbia kabla ya kichwa. Akiwa hajawahi kuambiwa kwamba hilo hutokea, na kwamba mtu hukusanywa akaendelea, aibu inaweza kumvunja kuliko risasi. Mwambie. Mwambie kwa sauti ile ile uliyomwambia mama wa Ujiji.

Na huyo mama, kwa maoni yangu, alikwisha kukufundisha namna ya kusimulia vita, ila hukuona kuwa ni somo. Hakutaka kujua wamekufa wangapi. Alianza na chakula, blanketi, kicheko. Mlango aliokufungulia ni huo, na ndio nataka umfungulie mjukuu wako. Akikuuliza "mliwapigaje", mjibu: "Kaa, kwanza nikwambie tulivyokuwa tunapikiana." Mpe migebuka ya mwenzako hatua kwa hatua, na asali yako hatua kwa hatua. Mwache acheke. Mwambie jinsi kimya cha handaki kinavyouma mtu anayejua kwamba kwao mpunga unahitaji mikono. Mwambie herufi kubwa zilizopinda. Usiharakishe kufika Lukaya. Ukifika, atakuwa tayari anamjua aliyekufa, na kifo hicho hakitakuwa tena habari ya mchakamchaka.

Naomba nikae kidogo kwenye chungu cha Masaka, maana sehemu hiyo ya barua niliirudia kusoma. Masaka ilibomolewa vibaya baada ya kutekwa mwishoni mwa Februari, na mji ule ulikuwa wa watu wa kawaida wenye mafiga na miko kama sisi. Ulisimama pale kwa sababu ulikuwa na jiko lako unalolitamani. Naliamini hili kwa moyo wangu wote: askari ninayemwogopa ni yule asiye na nyumba anayoitamani, kwa sababu akiingia kwenye nyumba ya mtu haoni nyumba, anaona kuta. Hamu ya nyumbani iliyokutesa handakini ndiyo iliyokusimamisha mbele ya chungu cha mgeni. Kijana wako akiingia jeshini na kupelekwa kulinda raia wa nchi nyingine, atasimama mbele ya majiko ya watu kila siku. Sidhani kuna mkufunzi atakayemweleza jambo hilo kama babu yake anavyoweza kumweleza.

Mkeo awepo. Naomba hili usilichukulie kuwa dogo. Vijana wengi wanadhani askari huenda peke yake, lakini wewe uliacha nyumbani mwanamke mwenye mtoto mgongoni, miche ya tumbaku ambayo haijashika ardhi na mpunga wa kupalilia, na jioni, amechoka, anakwenda kisomo. Nchi nzima miaka ile watu wazima walikuwa wanafundishwa kusoma, lakini natamani kujua kama yeye alikazana zaidi ili barua zako zisipite tena mdomoni mwa mwalimu. Umewahi kumuuliza? Mwache aseme mbele ya kijana, na mbele ya binti yenu, alivyokuwa anaishi kati ya barua na barua, alivyokuwa akiona mgeni anakuja kwa njia ya kijijini anaacha jembe kumtazama. Binti yako anaogopa kuwa mama wa askari. Ndani ya nyumba yenu yupo mtu aliyekuwa mke wa askari na akayavuka yale. Wakae pamoja wanawake hao wawili. Kuna maneno watakayoelewana ambayo mimi na wewe hatuyajui.

Na simulizi usiikatishe Kampala. Mapigano yaliendelea hadi mwanzoni mwa Juni, majeshi yetu yalipofika mpakani na Sudan, na nyumbani Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Waliorudi walikuta sabuni na sukari ni za foleni. Mimi nilikulia Tabora mjini, jirani na stesheni, na jirani yetu mmoja aliyerudi na mguu mmoja alikuwa anashonea watu viatu barazani. Sisi watoto tulimwita kwa jina la viatu, wala hakuna aliyetuambia mguu wake uko wapi. Mweleze mjukuu wako ulivyorudi shambani unachechemea, waliokuuliza habari na ambao hawakuuliza, na ilikuchukua muda gani kulala bila buti karibu. Anayetaka kazi hii aione mpaka mwisho wake.

Unauliza ukilia itakuwaje. Utalia, mzee wangu. Mwambie mapema kabisa: "Kuna mahali nitasimama. Nikisimama, usinisemeshe, subiri." Atasubiri. Kesho yake atakutazama kwa heshima zaidi ya ile ya kuitwa Afande, kwa kuwa hiyo ya jana alikuwa anaikisia.

Halafu kuna jambo dogo ambalo huenda hukuliona. Unasema tangu Ujiji hujamsimulia mtu. Barua hii imeandikwa na mjukuu wako wa kike. Amesikia handaki, amesikia Masaka, amesikia mlivyokimbia, na ameandika kila neno bila kupunguza, kama ulivyomwomba. Je, leo amekusalimu tofauti? Amekuletea uji? Mwite, mwondolee lile sharti la kutouliza, umuulize yeye kaka yake aanze kuambiwa lipi. Yeye anajua, na anamjua kaka yake.

Kuhusu usiku wa mvua, hilo halina budi kwenda hospitali. Kinachokuamsha ni kiwewe cha vita, na mwili huweza kukihifadhi miaka arobaini na zaidi, ukakitoa kila bati linapopigwa na mvua. Hakimaanishi umedhoofika akili, wala si mapepo. Nasema hivi kwa kuwa najua majirani watasema. Nenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, uwaambie mapokezi kwamba unataka huduma ya afya ya akili. Nenda na mkeo, kwa sababu wewe unajua unavyoamka lakini yeye ndiye anayejua unavyolala. Mwelezeni mtaalamu ilianza lini, inakuja nyakati gani, na unachukua muda gani kujua uko wapi. Kuna matibabu ya mazungumzo, na kuna dawa kama zikihitajika. Ukifika umri wako hupaswi kuambiwa "zoea tu". Ukiambiwa hivyo, omba kuonana na mtu mwingine.

Kuhusu uamuzi wa kijana, ni wake. Ameshakuwa mtu mzima. Baraka yako usiifunge kwenye jibu lake: msimulie kwanza, mpe muda, kisha muulize maswali ambayo hukuulizwa wewe ulipoitwa. Anakwenda kwa sababu gani? Ni kwa kupenda kazi yenyewe au kwa sababu kazi nyingine hazionekani? Sababu zote mbili ni za kweli na hakuna ya kuaibisha, lakini ajue yake ni ipi. Akienda, atamwandikia nani? Nani ataangalia mizinga yako? Akisema bado anataka, muwekee mkono kichwani. Akisema hataki tena, muwekee mkono huo huo.

Mkiwa na nauli, nakushauri safari moja mfanye nyinyi wawili kabla nafasi hazijatangazwa. Askari wetu wengi waliokufa katika vita ile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera, na Siku ya Mashujaa, 25 Julai, imewahi kuadhimishwa pale. Kutoka Tabora mnapita Nzega, Kahama na Biharamulo. Eneo ni la jeshi, kwa hiyo kwanza mwone mshauri wa mgambo wa wilaya yenu, mweleze wewe ni nani na unamtafuta nani, akuelekeze utaratibu wa kuingia na namna ya kuuliza jina la mwenzako. Chukua kitambulisho na karatasi yoyote ya jeshi uliyobaki nayo.

Na Ujiji je? Mama yule huenda hayupo tena, lakini aliacha ndugu, na nyumba unaijua. Mjukuu wako amekaa JKT mkoa huo huo, huenda amekula migebuka bila kujua ni chakula gani hicho katika maisha yako. Mtume aende akawasalimie kwa niaba yako, na asiende mikono mitupu. Asali ya safari hii airine yeye mwenyewe, wewe ukiwa chini ya mti unamwelekeza.

Binti yako naye akitaka kuniandikia, aandike kwa jina lake, aseme yote. Nitamjibu yeye kama nilivyokujibu wewe.